Darasa lililokataa kujitenga

WATU waliosoma pamoja wakikutana baada ya miaka 20 au 30, jambo la kwanza huwa ni kucheka. Aliyekuwa mwembamba kama fito sasa ana kitambi, kiranja aliyekuwa mkali ana upara, na yule aliyekuwa akishika mkia kwenye mtihani ndiye aliyekuja na gari zuri kuliko wote.

Baada ya hapo hufufuliwa majina ya utani, hukumbukwa mwalimu wa hesabu na kiboko chake, na maharage ya bweni yaliyokuwa na wadudu. Kisha, kama wengi wao ni Wakristo, mmoja hufungua kikao kwa sala na kila mtu hupewa dakika zake za kueleza maisha yalivyomwendea tangu walipoachana.

Hapo ndipo shuhuda zinapoanza. Mmoja Mungu amempa kazi nzuri mjini. Mwingine amejaliwa mtoto baada ya kungoja kwa miaka mingi. Mwingine alikuwa kwenye basi lililopinduka, abiria wakafa, yeye akatoka bila mchubuko. Wenzake wanapiga makofi na kuitikia amina.

Mwandishi wa makala haya amekaa katika vikao vya namna hiyo na amepiga makofi kama wengine. Lakini kuna swali ambalo kwa heshima huwa haliulizwi mezani: na wale wengine waliokuwa ndani ya basi je, Mungu alikuwa amewageuzia kisogo?

Ukitaka kuona mahali ambapo swali hilo halikwepeki, nenda kusini mwa Burundi, kwenye vilima vilivyo juu ya mji wa Rumonge. Huko kuna shule ambayo waliosoma hapo kila mwaka, ifikapo Aprili 30, hukumbukwa na kukumbukana kando ya makaburi ya wenzao 40.

Kutoka ziwani hadi mlimani

Rumonge ni mji wa ziwani, kilomita 70 na kitu kusini mwa Bujumbura. Msomaji wa Kigoma akifika hapo hatajiona mgeni. Kiswahili kinasikika sokoni na kwenye mwalo, mawese yanauzwa kwa madumu, dagaa huanikwa juani, na samaki ambaye Kigoma anaitwa mgebuka hapo anaitwa mukeke.

Barabara inayotoka Bujumbura imebanwa kati ya Ziwa Tanganyika na milima. Unapita Kabezi, Magara, kisha Minago. Hapo Minago ndipo Desemba 29, 2003 aliposhambuliwa kwa risasi Askofu Mkuu Michael Courtney, raia wa Ireland aliyekuwa Balozi wa Papa nchini Burundi, akiwa njiani kurejea Bujumbura kutoka kwenye mazishi. Alifariki siku hiyohiyo.

Ukishafika Rumonge, barabara nyingine inaliacha ziwa na kupanda kuelekea Bururi. Joto la ziwani linabaki nyuma, michikichi inapungua, unaanza kuona ng'ombe na ukungu. Ziwa liko kwenye mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na baadhi ya vilima vya Bururi vinapita mita 2,000.

Pande hizi mbili, ya ziwani na ya mlimani, zimekuwa zikitenganishwa na kuunganishwa na serikali. Rumonge ilikuwa tarafa ya mkoa wa Bururi hadi mwaka 2015 ilipofanywa mkoa unaojitegemea, na mwaka 2025 zikawekwa tena pamoja katika mkoa mpya wa Burunga. Kwa Kanisa Katoliki hakuna kilichobadilika: tangu mwaka 1961 kuna Jimbo la Bururi, na Rumonge imo ndani yake.

Ndiyo maana mtoto wa mvuvi wa Rumonge aliyetaka kuwa padri alikuwa akipanda mlima huo akiwa na sanduku lake, kwenda Seminari Ndogo ya Buta, karibu na mji wa Bururi. Huko alilala bweni moja na mtoto wa mfugaji wa mlimani. Mmoja huenda ni Mhutu, mwingine huenda ni Mtutsi.

Tarehe mbili zinazofuatana

Kabla ya kufika Buta ni lazima kusema kilichotokea ziwani miaka 25 nyuma yake, maana wazazi wa vijana wale walikipitia.

Aprili 29, 1972 waasi wa Kihutu walishambulia Rumonge, Nyanza-Lac na sehemu nyingine za kusini, wakaua Watutsi. Serikali ya Michel Micombero, iliyokuwa mikononi mwa Watutsi, haikuishia kuwasaka waasi. Jeshi na vijana wa chama tawala walianza kuwakamata Wahutu waliosoma kote nchini: walimu, mapadri, wachungaji, makarani, wauguzi, na wanafunzi wa sekondari na chuo kikuu.

Walikuja na orodha za majina. Wanafunzi walitolewa darasani, wakapakiwa kwenye magari na hawakuonekana tena. Idadi ya waliouawa katika miezi ile hutajwa kuwa kati ya 100,000 na 300,000. Maelfu kwa maelfu walikimbilia Tanzania, wakawekwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo.

Kwa hiyo ukikutanisha leo wazee waliokuwa darasa moja kusini mwa Burundi mwaka 1972, unakutanisha mabaki. Aliyekaa dawati la mbele huenda aliuawa Aprili na waasi. Aliyekaa dawati la nyuma huenda alichukuliwa Mei na wanajeshi. Wa katikati ndiye aliyejikuta Katumba akipanda tumbaku, watoto wake wakasoma kwa Kiswahili na kujifunza kuimba Mungu Ibariki Afrika.

Aprili 29 ni ya msiba huo. Aprili 30 ni ya Buta. Zinafuatana kwenye kalenda, na kwa miaka mingi wapo Warundi waliokuwa wakikumbuka moja tu kati ya hizo, au hizo mbili kila mmoja kwa namna yake, kulingana na aliyefiwa ni nani.

Miaka minne ya kuzungumza

Mwaka 1993 Burundi ilimpata rais wa kwanza aliyechaguliwa kwa kura katika uchaguzi wa vyama vingi, Melchior Ndadaye, Mhutu. Oktoba 21 mwaka huohuo aliuawa na wanajeshi. Nchi ikalipuka. Wahutu waliwaua majirani zao Watutsi, jeshi likawaua Wahutu, na vita vilivyofuata viliendelea kwa zaidi ya miaka 10.

Katika shule nyingi wanafunzi waligawanyika. Walikaa pande tofauti, wakala meza tofauti, na wengine wakafukuzana.

Buta ilikuwa na kila sababu ya kufuata mkondo huo. Gombera wa seminari wakati huo, Padri Zacharie Bukuru, baadaye aliandika kitabu kuhusu miaka ile, kilichochapishwa Paris mwaka 2004. Maelezo yake hayana muujiza wowote. Ni kazi ya kuchosha ya kila siku.

Aliwaacha vijana waseme. Historia ya nchi, ambayo ilikuwa mwiko kuizungumzia mbele ya watu wa kabila jingine, ilizungumzwa mbele ya wote. Aliyefiwa alisema amefiwa na nani na kwa mkono wa nani. Kulikuwa na hasira na machozi. Kisha kulikuwa na mpira, ngoma na nyimbo, na kulikuwa na sala.

Ninalisema hili kwa makusudi, kwa sababu kisa cha Buta husimuliwa mara nyingi kama jambo la asubuhi moja tu. Asubuhi ile isingewezekana bila miaka minne ya vikao vile. Imani ya vijana wale ilikuwa imefanyiwa mazoezi, kama kwaya inavyofanya mazoezi kabla ya Pasaka.

Mwezi huo wa Aprili 1997 wanafunzi wa darasa la mwisho walikuwa wametoka kwenye mafungo ya Pasaka. Inasimuliwa kwamba walirudi wakiwa na furaha isiyo ya kawaida, wakizungumza juu ya Mungu kama mtu waliyetoka kuonana naye.

Alfajiri ya Aprili 30

Siku ya Jumatano, Aprili 30, 1997, yapata saa 11:30 alfajiri, kundi kubwa la waasi wa Kihutu waliokuwa wakipigana na serikali liliingia seminarini. Waliingia bwenini wakiwa na bunduki na maguruneti. Waliwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu upande huu, Watutsi upande ule.

Wanafunzi hawakujitenga. Amri ilirudiwa. Hawakujitenga. Ndipo waliposhambuliwa wote kwa pamoja, na vijana 40 wakafa, Wahutu na Watutsi.

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu msomaji ambaye hajaishi Burundi anaweza kushangaa kwa nini wauaji walihitaji kuuliza.

Wahutu na Watutsi wa Burundi wanazungumza lugha moja, Kirundi. Wanaishi kwenye vilima vilevile na wanasali katika makanisa yaleyale. Hawana hata majina ya ukoo yanayoweza kumfichua mtu, kwa sababu kwa desturi ya Warundi kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, tofauti na la baba yake na hata la ndugu zake.

Tena mengi ya majina hayo yamebeba jina la Mungu, Imana. Ndikumana maana yake niko pamoja na Mungu. Nshimirimana, namshukuru Mungu. Habonimana, Mungu ndiye anayeona. Hakizimana, Mungu ndiye anayeokoa. Mwalimu anapoita mahudhurio asubuhi katika shule ya Burundi ni kama anasoma litania. Mhutu anaweza kuitwa Ndikumana, na Mtutsi vilevile.

Wapo wanaodai kwamba pua na kimo husema ukweli, lakini Warundi wenyewe wanajua ni mara ngapi kipimo hicho kimekosea.

Kwa hiyo mtu mwenye bunduki anayeingia bwenini alfajiri, akakuta vijana wametoka usingizini, hana njia ya uhakika ya kujua nani ni nani. Wanaojua ni wanafunzi wenyewe. Wamelala pamoja kwa miaka, wamesikia kila mmoja akisimulia msiba wake. Muuaji anahitaji darasa limsaidie. Anahitaji Mhutu apige hatua mbili pembeni, basi, hatua mbili tu, naye atakuwa ameokoa maisha yake na kumwonyesha muuaji wa kumpiga risasi.

Hatua hizo mbili hazikupigwa. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye uzito wa kisa chote. Wale vijana hawakuwa na silaha, hawakuhubiri, na hawakupata nafasi ya kutoa maneno ya kishujaa. Walichokataa ni kutumika.

Simulizi inayorudiwa kuliko zote ni ya kijana aliyekuwa akikata roho, ambaye alimwambia gombera wake kwamba wameshinda: waliambiwa wajitenge na wao wakakataa. Wengine walisikika wakiwaombea msamaha waliokuwa wakiwaua. Walizikwa hapohapo Buta, na mahali hapo pamekuwa pa hija.

Kusimulia ukiwa umebaki hai

Wapo walionusurika, wakiwamo waliojeruhiwa vibaya. Hao ndio darasa lililobaki. Mei 7, 2000, Papa Yohane Paulo II alipoongoza huko Roma, kwenye magofu ya Kolosai, ibada ya kuwakumbuka mashahidi wa imani wa karne ya 20, kisa cha Buta kilikuwa miongoni mwa vilivyosimuliwa. Padri Bukuru mwenyewe baadaye aliingia katika utawa wa Kibenedikto.

Sasa rudi kwenye kile kikao cha waliosoma pamoja, mtu wa basi lililopinduka amesimama anatoa ushuhuda. Mweke mahali pake mmoja wa walionusurika Buta. Atasema nini? Akisema Mungu aliniokoa kwa sababu nilisali, atakuwa amewasema vibaya wenzake 40 waliosali kuliko yeye. Akisema Mungu alinichagua, mama wa mmoja wa wale 40 huenda ameketi kwenye benchi la mbele.

Ndiyo maana ushuhuda wa Buta unavyosimuliwa hauko kama ule tuliouzoea. Anayesimulia si mhusika mkuu wa hadithi yake. Wahusika wakuu ni wale waliolala chini, na neno walilolitumia wao ni kushinda. Aliyepona hana ushindi wa kudai, ila ana kazi ya kusimulia.

Si kila kisa cha shule za Burundi kinafanana na hicho, na itakuwa uongo kukisimulia kana kwamba ndicho cha kawaida. Mfano ni Kibimba, katikati ya nchi, kwenye shule iliyotokana na misheni ya kanisa la Marafiki, yaani Wakweka. Oktoba 21, 1993, siku ileile aliyouawa Rais Ndadaye, wanafunzi na walimu Watutsi zaidi ya 100 walikamatwa, wengi wakafungiwa katika jengo la kituo cha mafuta na kuchomwa moto.

Gilbert Tuhabonye alikuwa ndani ya jengo hilo. Ni mzaliwa wa Songa, Bururi, na wakati huo alikuwa mwanariadha kijana aliyekwisha kuwa bingwa wa taifa wa mbio. Alikaa kwa saa nyingi chini ya miili ya wenzake inayoungua, kisha akavunja dirisha na kukimbia huku mwili ukiwa na majeraha ya moto. Kwa maelezo yake, miongoni mwa waliowashambulia walikuwamo watu aliowafahamu, hata wa shuleni.

Tuhabonye alihamia Marekani, akasoma Abilene Christian University huko Texas, na akawa kocha wa mbio mjini Austin. Kitabu chake cha mwaka 2006, This Voice in My Heart, kinasimulia sauti aliyoisikia moyoni akiwa ndani ya moto ikimwambia kwamba hatakufa, na safari ndefu ya kufikia kusamehe. Mwaka huohuo wa 2006 ulianza mfuko wa Gazelle Foundation aliosaidia kuuasisi, unaopeleka maji safi vijijini Burundi, kwa Wahutu na Watutsi.

Darasa la Tuhabonye lilijitenga. La Buta lilikataa. Mtu anaweza kujiuliza reunion ya Kibimba ingekuwaje, waliofunga mlango na waliofungiwa wakipeana mikono na kuulizana habari za watoto. Mwandishi huyu haamini kwamba msamaha ni deni ambalo mchungaji au padri anaweza kumdai aliyeungua. Tuhabonye aliutoa mwenyewe, kwa muda wake, na akaongeza mabomba ya maji. Asiyeweza kufika huko hana wa kumhukumu.

Kuna pia mwalimu. David Niyonzima, mchungaji wa Marafiki, alikuwa akifundisha darasa la wachungaji huko Kwibuka, mkoani Gitega, siku chache baada ya Kibimba, wanajeshi walipovamia na kuwaua wanafunzi wake kadhaa. Yeye alijificha akapona. Amesimulia hayo katika kitabu kilichotoka mwaka 2001, na ameitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwahudumia watu waliojeruhiwa moyoni na vita. Mwalimu naye ana kikao chake cha wanafunzi wa zamani, ila mahudhurio yake yana mapengo.

Orodha moja

Juni 2019 Kanisa Katoliki nchini Burundi lilifungua rasmi mchakato wa kuomba baadhi ya waliouawa watangazwe wenyeheri. Huitwa mashahidi wa udugu. Ukiitazama orodha yao unaona jambo ambalo wanasiasa wa Burundi hawajaliweza.

Wapo vijana 40 wa Buta, waliouawa na waasi wa Kihutu mwaka 1997. Yupo Padri Michel Kayoya, mshairi na mwandishi, Mhutu aliyeuawa Gitega Mei 1972 katika mauaji yaliyofanywa na serikali. Wapo Waitaliano watatu waliokuwa parokia ya Buyengero: mapadri Ottorino Maule na Aldo Marchiol wa shirika la Wamisionari wa Xaveri, na mlei Catina Gubert, mama wa miaka zaidi ya 70. Hawa waliuawa kwa risasi ndani ya nyumba yao Septemba 30, 1995.

Buyengero iko kwenye vilima vilevile vilivyo kati ya Rumonge na Bururi. Kwa hiyo ndani ya jimbo moja, njia moja ya kupanda kutoka ziwani, unakutana na watu waliouawa katika miaka tofauti, kwa mikono tofauti na kwa visingizio tofauti.

Kuwaweka katika orodha moja hakukuwa jambo dogo. Burundi kila upande una wafu wake na tarehe zake. Aliyepoteza baba mwaka 1972 anaweza kusikia jina la Buta na kuuliza mbona baba yake hana kaburi. Aliyempoteza mwanawe Buta anaweza kusikia mwaka 1972 na kukumbuka kwamba siku ile pale Rumonge waliotangulia kuuawa ni ndugu zake. Wote wawili wanasema kweli.

Waliorudi na Kiswahili

Kuanzia mwaka 2008 Wakimbizi wa 1972 zaidi ya 50,000 walirejea Burundi kutoka Tanzania, wakati wenzao wengi zaidi, 162,000 hivi, walichagua na kupewa uraia wa Tanzania. Wengi wa waliorudi asili yao ni kusini, Rumonge na Nyanza-Lac.

Walirudi na watoto waliojua Kiswahili kuliko Kirundi, na Kifaransa hawakukijua kabisa. Kijana aliyekuwa karibu kumaliza shule Mishamo alijikuta akianza upya darasani na watoto wadogo kwa sababu ya lugha.

Na walikuta mashamba yao, hasa ya michikichi, yana watu. Wengine waliokuwamo walipewa na serikali kihalali miaka mingi nyuma, wengine walinunua, wengine walijichukulia. Serikali iliunda tume ya ardhi, CNTB, mwaka 2006, na Rumonge ikawa moja ya sehemu zilizokuwa na kesi nyingi na kelele nyingi.

Hapa swali la Buta linarudi likiwa halina bunduki. Mzee aliyerudi na mzee aliyekuta shamba tupu akalima kwa miaka 35 wanaweza kuwa walikaa dawati moja kabla ya Aprili 1972. Jumapili wanaweza kujikuta katika kanisa moja. Kugawana shamba nusu kwa nusu, kama ilivyokuwa ikipendekezwa katika kesi nyingi, hakuandikwi kwenye vitabu vya mashahidi. Hakuna hija inayoenda kwenye mpaka wa migomba miwili. Lakini mtu akisimama katika kikao cha waliosoma pamoja na kusema kwamba yeye na fulani walipimiana shamba na hawajapelekana mahakamani, mwandishi huyu atapiga makofi kwa nguvu kuliko alivyompigia mtu wa basi.

Mei 1 ni sikukuu ya wafanyakazi, na Burundi hawaendi kazini. Hiyo humpa nafasi aliyepanda Buta kwa ajili ya Aprili 30 kuteremka taratibu hadi Rumonge, akala mukeke na kurudi Bujumbura kwa njia ya ziwani, akipita Minago.

Kijana aliyekuwa na miaka 17 katika bweni lile mwaka 1997 sasa ni mtu mzima wa miaka 40 na kitu. Mtoto wake wa kwanza anaweza kuwa na umri uleule, na huenda safari hii amekuja naye. Mtoto akiuliza katika wale 40 nani alikuwa Mhutu na nani Mtutsi, baba yake anajua, kwa kuwa walisimuliana yote. Anaweza kumwambia, anaweza kunyamaza. Akimsomea majina tu, mtoto hatajua.